Watu wa Vyombo na Kiapo cha Tarbaj

Nyinyi vijana mliokuja kwangu baada ya Idi, mkavua viatu mlangoni kwa adabu, kisha mkanionyesha kwenye simu mtu akivunjiwa kiti kichwani, haya ni ya kwenu. Siku ile niliwajibu vibaya. Nilisema nina dawa za kumeza, nikaingia chumbani. Dawa sina. Machozi yalinijia, na mzee wa umri wangu hapendi kulia mbele ya watu wenye simu.

Mliniuliza mambo mawili. La kwanza: "Adeer, mzee wetu, mtu wa hadkoo ni nani hasa? Ni damu ama ni roho ngumu?" La pili, kama mimi na mpinzani wangu wa zamani, Siyat Dheere, tunaweza kupanda ulingoni mara moja tu, dakika kumi, kwenye onyesho lenu hapa Garissa. La kwanza nitalijibu kwa kuzungukazunguka, maana ndivyo nijuavyo kuzungumza. La pili lilinitoa nyumbani likanipeleka Tarbaj. Jibu lake mtalipata mkivumilia.

Sisi neno hadkoo, hiyo mieleka yenu ya kuvunjiana vitu, hatukulijua. Watu wa mjini walituita watu wa vyombo, kwa sababu tulipigana kwa sufuria, karai, viti vya chuma, mabati na chochote kilichokuwa na mlio. Kulikuwa na mama wa Kisomali aliyekuwa akituuzia sufuria sokoni. Siku moja alinishika mkono akauliza, "Nyinyi mnabika nini, kila wiki sufuria mbya?" Nilimwambia tunapika watu. Hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anatuuzia zile zilizotoboka tu, na kusema kweli hizo ndizo zilizotufaa.

Siyat nilimkuta akiwa mtazamaji. Alikuwa ameleta mbuzi wa baba yake kwenye soko la mifugo kutoka Tarbaj, mbali huko Wajir, na alipomaliza kuuza akaja kusimama mstari wa mbele. Alikuwa mrefu hata waliokaa nyuma yake wakamzomea, na ndipo akapata jina, kwani dheere kwa Kisomali ni mrefu. Mimi nilikuwa mfupi, mpana, mtoto wa Mpokomo mwenye migomba kando ya Tana. Fundi Karisa alitutazama tumesimama pamoja, akasema Mungu ametuletea tangazo la bure.

Fundi Karisa ndiye aliyekuwa mwenye kundi na mwalimu wetu. Kazi yake hasa ilikuwa useremala, na ndiyo maana alijua mbao zinavyovunjika. Ulingo aliuunda mwenyewe: mbao chini, juu yake magunia ya mchanga laini wa laga, yaani mto mkavu, juu ya magunia magodoro mawili yaliyochoka, na turubai la lori kufunika yote. Kamba zilikuwa za kufungia mizigo. Tulizunguka nao Garissa, Balambala, na kokote palipokuwa na siku ya soko na watu wenye haja ya kucheka.

Sasa sikilizeni ya kazi. Bati jembamba, la geji thelathini na mbili, lina kelele nyingi na maumivu kidogo. Bati nene halina kelele na linakuacha na wiki nzima ya kulala kifudifudi. Kingo zote zikunjwe kwa nyundo, kisha uzipitishie kiganja chako mwenyewe, si cha mwenzako. Sufuria inapigwa kwa kitako, kamwe si kwa ukingo. Kiti cha chuma kinakwenda mgongoni, kwenye mapana ya mabega, kikiwa kimekunjwa. Cha plastiki msikiguse, hakina sauti, na kikipasuka kinakata kama wembe.

Meza Fundi aliikata kwa msumeno upande wa chini, karibu theluthi mbili, kisha akaitia alama ya chaki mguuni. Balambala nilikosa kuangalia chaki. Tulikuwa tumeazima meza nyingine ya kuwekea maji, mbao ngumu kama deni la ukoo, na mimi kwa haraka nikamtupa Siyat juu ya hiyo. Haikuvunjika. Haikutikisika hata. Siyat alidunda, akatua chini upande wa pili, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ndiyo ufundi wenyewe. Alinitazama pale chini akasema polepole, "Bakari, meza yetu iko ile ingine." Kwa siku nne alikula akiwa amesimama. Hakunilaumu, ila kila tulipoingia mahali penye meza alikuwa akiipapasa kwa chini kwanza, hata kwenye hoteli za chai.

Halafu miba. Huko kwenye simu zenu wanatumia waya wa miiba ya chuma. Sisi tulikuwa na matawi ya mgunga, yale yale watu wanayojengea ua wa mifugo. Chukueni tawi bichi. Mwiba mbichi unapinda na kuchuna ngozi, lakini mkavu unaingia na kukatikia ndani, na utautafuta kwa sindano hadi mfungo mwingine. Tulivaa suruali ndefu hadi chini ya magoti, kwa ajili ya stara, kwani sheikh mmoja alituambia wazi: piganeni mtakavyo, lakini kitovu na paja visionekane. Tukamshukuru, maana suruali zile zilitukinga na miba mingi.

Na adhana ikilia tulisimama. Hilo wageni hawakulielewa. Nimemkaba Siyat koo, mwadhini anaanza, namwachia, tunatawadha kutoka kwenye birika moja, tunasimama safu moja bega kwa bega. Baada ya salamu tunarudi, namkaba tena palepale. Ukiniuliza ninakosa nini zaidi, nitasema ni kule kurudi. Watu wote wanarudi mbio kushika nafasi zao, na wewe unajua umesubiriwa.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Wasomali hawakawii kumpa mtu jina, na mimi walinipa Madax-adag, yaani kichwa kigumu. Nililipenda jina hilo kuliko jina alilonipa baba. Likanifanya nijitolee kichwa. Sufuria, nilikiinamishia. Kiti, nilikiinamishia. Fundi Karisa alinigombeza mpaka akachoka. "Bakari, kichwa si kifaa cha kazi," alisema. "Mgongo Mungu kaupa nyama. Kichwa hakukipa." Nilimwambia watu wanalipa kuona kichwa. Siyat alikuwa akipunguza nguvu akinipiga, na mimi nikamwambia mbele ya wenzetu kwamba anapiga kama bibi harusi. Aliona aibu, akaongeza nguvu. Hilo ni langu mimi, sitamtwika mtu mwingine.

Tuliingia Tarbaj mara moja tu kama watu wa vyombo. Kwa Siyat ilikuwa kurudi nyumbani. Mama yake alitupikia, wajomba wakanikaribisha, nikalala kwao siku mbili nikinywa maziwa ya ngamia kama mtoto wa ukoo. Kila tulikokwenda Fundi alikuwa akitangulia kuwaona wazee, awaeleze kwamba huu ni mchezo, hakuna ugomvi. Tarbaj alimwachia Siyat kwa kuwa ndiye mwenyeji, na Siyat alimwachia mjomba wake, na mjomba alikuwa amekwenda kisimani na ngamia. Kwa hiyo wazee hawakuambiwa na mtu yeyote.

Tulianza baada ya adhuhuri, tukapumzika kwa swala ya alasiri, tukarudi. Siyat alikuwa na hangool, ile fimbo yenye panda ambayo wachungaji huitumia kuvutia matawi ya miba. Alinisukuma nayo nikaangukia ua wa mgunga, nikainuka damu inanitiririka usoni. Ilikuwa michubuko tu. Nikanyoosha mikono juu nipigiwe makofi, na hakuna aliyepiga.

Mzee mmoja mwembamba aliingia ulingoni akiwa na viatu vyake. Alivua kitambaa chake cha begani, akanifuta uso, kisha akageuka kuwatazama watu wake. Aliyoyasema kwa Kisomali nilitafsiriwa baadaye, ila nilikuwa nimeyaelewa: mtu huyu amelala kwetu, amekula kwetu, na mwana wetu amemwaga damu yake kwa fimbo mbele ya macho yetu. Damu ya mgeni iko juu ya mwenyeji. Huko hilo si jambo la kucheka, na hakuna mchezo unaolizidi.

Tukaitwa kwenye ua wa msikiti, wazee saba wamekaa kwenye mikeka, mimi nimefungwa kitambaa kichwani kama haramia. Nilikuwa natabasamu. Nilijua Siyat atasema neno moja tu, tulikuwa tunacheza, na wote watacheka, na turubai letu litakunjwa kwa amani. Yule mzee akamuuliza kama ana la kusema. Siyat alitazama mkeka muda mrefu.

"Ni kweli," alisema. "Nimemkosea mgeni."

Nilifungua mdomo. Mjomba mdogo aliyekuwa kando yangu alinigusa goti. Mwenyeji akishakiri, mgeni hana la kuongeza. Tukasomewa Fatiha, tukapeana mikono, tukaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatutainuliana mkono wala fimbo wala chombo hadi kufa. Kisha wakanichinjia mbuzi wa sulhu. Nyama ilikuwa tamu sana, na mimi nilikuwa nikiitafuna kwa hasira.

Kundi halikumaliza msimu. Fundi alijaribu kunipa wapinzani wengine, lakini mmoja alikuwa akifumba macho kila nikiinua bati, na mwingine alinipiga kweli. Nikaenda kujifunza kuchomelea, na miaka yote iliyobaki nimetengeneza mageti na madirisha ya watu hapa mjini. Siyat alibaki Tarbaj akafungua duka la dawa za mifugo. Tulipigiana simu kila Idi. Salamu za watoto, salamu za mvua, kwaheri. Sikumuuliza kwa nini, na yeye hakusema. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba alichoka na kazi, akawatumia wazee kunitoroka. Nilimpenda yule mtu na nilimchukia, na kila nilipolinyanyua bati kwenye karakana likalia, nilimkumbuka.

Ndipo mkaja nyinyi na simu zenu.

Nilikwenda kwa sheikh. Nikamuuliza kama kiapo cha namna ile kina njia ya kutokea. Akaniambia kiapo kina kafara, unalisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Wallahi nilitoka pale nikitembea kama kijana. Nilinunua mchele na mafuta ya watu kumi nikaviweka nyumbani tayari, nikapanda basi la Wajir. Njia nzima nilikuwa nikipanga pambano kichwani: ataanza na sufuria, nitamrudishia karai, meza mwisho. Mke wangu aliniambia kabla sijatoka kwamba sijapiga mluzi humu nyumbani miaka mingi. Sikujua kama nilikuwa napiga.

Siyat nilimkuta kwenye kibaraza cha duka lake. Urefu bado upo, ila umekunjika kwenye nyonga, na goti moja halikunjiki kabisa. Alilia aliponiona na hakujificha. Mkewe, Habiba, alileta chai ya maziwa ya ngamia, akakaa nasi. Nikayamwaga yote: nyinyi, onyesho, kafara, mchele. Nikamwambia dakika kumi tu, na goti lake nitalilinda.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Maya. Hapana, walaal, ndugu yangu."

Hapo nilikasirika, na hasira ilikuwa ya zamani. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba aliniua pale kwenye ua wa msikiti. Kwamba alikuwa na neno moja la kusema na akalimeza. Kwamba mimi sikuwa na kitu kingine duniani nilichokifanya vizuri kama kile, na alinipokonya kwa kutazama mkeka.

Alingoja nimalize, akaweka kikombe chini.

"Bakari, wewe nakumbuka alasiri ya hiyo siku?"

Nikasema nakumbuka damu na wazee.

"Kabla ya wasee. Swala."

Nikasema tuliswali kama kawaida.

"Si kawaida," alisema. "Mimi nakaa kando yako. Imamu natoa salamu. Watu yote natoka. Wewe nasimama beke yako, naanza tena. Rakaa nne yote. Mimi nangoja. Unamaliza, nageuka kwangu, naniuliza, Siyat, tumeswali?"

Nilimwambia hilo halikutokea.

"Limetokea. Halafu naniuliza jina ya mtoto yangu. Mimi nasema Abukar. Tunatembea kidogo, nauliza tena. Nasema Abukar. Kwa kamba bale nauliza mara ya tatu. Bakari, huyo mtoto nimemba jina yako, Abukar ndio Bakari kwa Kisomali. Wewe ndiye ulimshika siku ya jina, halafu nauliza anaitwa nani."

Habiba alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona kwamba yeye alilijua jambo hili siku zote.

"Hiyo kichwa nimebiga mimi," Siyat alisema. "Kiti, sufuria, mimi. Najua nikikuambia acha, wewe nacheka, nasema mimi bibi harusi. Nikikataa, Fundi nakubatia mtu ingine, huyo nakubiga file anataka. Halafu wasee nakuja, naniuliza kama nimekosea. Mimi nafikiri, wallahi, nimekosea. Kwa nini niseme ilikuwa mchezo?"

"Ungeniambia baadaye."

"Ungekubali?"

Nilifikiri kumdanganya. Nikasema nisingekubali. Hata leo, nikasema, na goti lako na kichwa changu, ukiniambia twende nitakwenda.

"Najua," alisema. "Ndio maana nasema mimi."

Wateja wawili walikuja kununua dawa ya kupe wakahudumiwa na Habiba. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa sababu miaka yote ile nilidhani nimeachwa, kumbe nilikuwa nimeshikwa. Lakini nisiwadanganye kwamba hamu ilikwisha. Ilizidi. Kabla ya hapo nilikuwa natamani ulingo, sasa nilikuwa najua ninachotamani ni yeye, na yeye ndiye mtu mmoja duniani nisiyeweza kupigana naye.

Basi vijana, majibu yenu. La kwanza: damu si kitu, miba yoyote itakutoa damu. Roho ngumu nayo nilikuwa nayo tele, na ilinisahaulisha swala. Mtu wa vyombo ni yule mwenye kiti mkononi, watu elfu wanapiga kelele apige, naye anamwangalia mwenzake machoni kwanza kama bado yumo. Akiona hayumo, anaharibu onyesho, anakubali kuitwa mwoga, anakubali hata kuchukiwa. Siyat ndiye alikuwa hadkoo kati yetu. Mimi nilikuwa na kichwa tu.

La pili: hapana. Ule mchele tumewapa watu kumi vilevile, nimeona haya kuurudisha dukani. Lakini niko hapa kila Jumamosi baada ya alasiri. Leteni mabati yenu niwakunjie kingo, na leteni meza niwaonyeshe mahali pa msumeno. Atakayeinamisha kichwa kwenye uwanja wangu nitamfukuza na viatu vyake mkononi.

Asubuhi ya kuondoka Siyat alinisindikiza hadi kituo cha basi, anachechemea, fimbo mkono mmoja. Habiba alikuja nyuma na chupa ya maziwa ya safari. Dereva akapiga honi. Siyat akamkabidhi mkewe ile fimbo ili anikumbatie vizuri.

Kila pambano letu lilianza kwa mshiko mmoja: mkono wa kulia nyuma ya shingo ya mwenzako, wa kushoto kwenye kiwiko, vipaji vya uso vinagusana, kisha mnasukumana kupima nani ana nguvu. Sikukusudia. Tulipokumbatiana mkono wangu ulipanda wenyewe ukaenda kwenye shingo yake, na wake ulikuwa tayari kwenye yangu. Viwiko navyo vikashikwa. Uso wake ukaja juu ya wangu, anahema, na miguu yake, ule mzima na ule mbovu, ilikuwa imeshajipanga mchangani. Watu waliokuwa wakipanda basi walisimama kutazama.

"Nyinyi wasee!" Habiba alipiga kelele. "Mtafunjika!"

Hatukucheka. Nilisikia anaanza kunisukuma, kidogo sana, na mimi nikasukuma.

"Toa mkono, Bakari," alininong'oneza. "Tumeaba."

Akatoa wake kwanza.